Tulipita Kampala siku moja

Tangu masomo yaanze tena mwezi wa tisa wengi wametuuliza mambo mawili. La kwanza: ni kweli mulifika Kampala wakati wa likizo kubwa? La pili: yule mwenzenu wa kiti cha nyuma, karibu na dirisha, amekwenda wapi? Mwenye kutunza gazeti letu alituomba tujibu yote mawili kwa mara moja, kwa sababu karatasi si nyingi. Basi jibu ni hili.

Tulikuwa watu watano. Wanne ni watoto wa Butembo na Beni, Wanande watupu, na wa tano ni mwenzetu wa Boga, upande wa Ituri. Majina tunayaacha. Wote munatujua.

Hatukwenda kwa kutembea tu. Shangazi ya mmoja wetu anafanya biashara ya vitenge na viatu, na mwezi wa saba mwaka 2024 vijana waliozoea kumbebea mizigo walikuwa wamepata kazi pahali pengine. Mama Shangazi alituita nyumbani kwake nyuma ya ibada, akatuambia hivi: “Muko na mikono, muko na likizo. Mimi nitalipa bisi na chakula. Mutabeba mabalo yangu mpaka saa sita, alafu muko huru mpaka saa kumi na moja. Nyuma ya pale, mwenye hayuko, namuacha kule kule.” Wale wanaomjua wanajua kwamba hakuwa anacheza.

Mwenzetu wa Boga naye akaomba kwenda. Alisema mama yake na wadogo zake wako Uganda katika kambi ya wakimbizi ya Kyangwali tangu mwaka 2021, na kutoka Kampala angepata gari ya Hoima, awasalimie, kisha arudi mbele ya masomo kuanza. Tulifurahi sana, maana yeye ni mtu wa nguvu na mabalo ni mazito. Hatukumuuliza neno lingine. Leo tunaona kwamba tungemuuliza.

Tuliondoka Butembo asubuhi siku ya alhamisi. Mpaka Beni ni kilometa 54, na kutoka Beni mpaka Kasindi ni karibu 80. Hii ya pili hatutaieleza. Wanaoijua wanaijua. Tuliimba nyimbo zote za kwaya, sauti ya kwanza mpaka ya nne, mara tatu, na dereva hakutukataza hata kidogo. Tulilala Kasindi kwa jamaa ya Mama Shangazi, na asubuhi tukavuka mto Lubiriha kwa miguu, karatasi mkononi, kila mtu akijaribu kuonyesha uso wa mtu asiye na kosa.

Upande wa pili ni Mpondwe. Si mbali na mpaka iko shule ya sekondari ya Lhubiriha. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi waliotoka upande wetu waliingia katika mabweni yake wakaua wanafunzi zaidi ya 30. Dereva wa bisi ya Uganda alituonyesha upande ilipo kwa kidevu tu, bila kusema. Mwenzetu wa Boga alikuwa karibu na dirisha, kama katika kalasi. Alitazama kule mpaka pale hapakuonekana tena.

Kule Bwera tuliona ajabu. Tulikuwa tumetayarisha Kiingereza chetu chote, hata “good morning” tulikuwa tumeijaribu njiani, lakini mama mmoja muuza ndizi akatusalimu kwa Kinande! Yeye angesema ni Lukonzo. Wakonzo na Wanande ni watu wamoja waliokatwa na mpaka. Alicheka namna tunavyotamka maneno, nasi tukamcheka yeye, akatuongezea ndizi mbili. Mpaka Kasese tulisema lugha ya nyumbani.

Na Ruwenzori ulitushangaza vilevile. Sisi wa Beni tumezoea kuuona upande wa asubuhi, jua likitokea nyuma yake. Nyuma ya Kasese, bisi ikielekea kaskazini, mlima uleule ulikuwa upande wa magharibi, kama mtu unayemjua sana na siku moja unamwona kwa mgongo. Kilele chake cha Margherita, meta 5,109, ni cha nchi mbili, lakini siku ile mawingu yalikifunika, hatukuona theluji hata ya kuweka katika chai.

Tulipokaribia Fort Portal zamu yetu ya lugha ikaisha, ikaanza ya mwenzetu. Lugha ya kwao Boga ni ndugu ya Kitoro. Watu wa pale walimjibu kana kwamba ni mtoto wa jirani. Sisi wanne tulibaki kama mabubu, yeye akawa mkubwa wetu: anauliza bei, anakataa, anacheka, anaita watu wazima kwa heshima yao. Katika miaka mitatu Butembo hatukuwa tumemwona hivyo. Katika shule yetu ni mtu wa maneno machache, na tulizoea kusema kwamba ndiyo tabia yake.

Bisi ikasimama pale karibu saa nzima, na yeye akatuambia habari ambayo sisi, watoto wa shule ya Kiprotestanti, tulipaswa kuijua. Alisema: “Hapa njo walimufunga Apolo.”

Apolo Kivebulaya alikuwa Mganda, alizaliwa karibu na mwaka 1864. Alibatizwa mwaka 1895, na mwisho wa mwaka 1896 alikuwa ameshafika Mboga, ndiyo hiyo Boga ya leo, akishuka bonde la Semuliki kwa miguu. Mkuu wa pale, Tabaro, hakumpenda. Watu walikatazwa kumpa chakula. Kisha dada ya mkuu akafa kwa ajali ya mkuki, na mwalimu mgeni akashitakiwa. Alifungwa, akaletwa Fort Portal kwa Waingereza, akatiwa gerezani. Mwenyewe alisimulia nyuma yake kwamba katika taabu ile alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo. Alipofunguliwa alirudi kwa watu walewale. Na Tabaro yule akabatizwa, akaitwa Paulo. Mpaka ulipowekwa vizuri na wazungu mwanzoni mwa karne ya 20, Boga ikaangukia upande wa Kongo. Watu hawakuhama, ni mpaka uliohama. Apolo akaenda nao, akafanya kazi kule na katika msitu wa Ituri, hata kati ya Wambuti, mpaka alipokufa tarehe 30 Mei 1933.

“Kaburi yake iko kwetu,” alisema. “Mimi nilikuwa nafagiaka pale na wenzangu wa Shule ya Yupili.” Alafu akasema kwamba akifika Kampala anataka kitu kimoja tu: kuona Namirembe, kilima kile alikotoka Apolo. Tulimwahidi. Tuliapa hata. Saa sita tunamaliza kazi, saa saba tuko Namirembe.

Kampala tuliingia usiku, tukaona mataa juu ya vilima pande zote. Tulilala wanne katika kitanda kimoja, na wa tano juu ya mabalo matupu.

Jumamosi tulifanya kazi Kikuubo. Mtu ambaye hajafika Kikuubo afikiri siku ya soko kubwa ya Butembo, kisha aiingize yote katika njia moja nyembamba, na juu yake aweke ghorofa zilizojaa maduka, na katikati watu wanaokimbia na mizigo vichwani wakipiga kelele ili wapishwe. Kule wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana. Tulisikia Kinande, tulisikia Kiswahili chetu, hata Lingala, na Waganda wanaojua kuhesabu kwa Kiswahili vizuri kuliko sisi. Tulibeba. Hatutasema zaidi, shingo zetu zinajua. Mama Shangazi alitupa kila mmoja feza kidogo ya Uganda, akatukumbusha: saa kumi na moja.

Hapo ndipo tulipoharibu.

Kwanza tulikuwa na njaa, hiyo ni haki. Kampala wanauza chapati iliyovingirishwa pamoja na mayai, nao wanaiita rolex, kama ile saa ya matajiri. Tulimwambia dada muuzaji kwa Kiswahili, “Tupatie tano, aksanti.” Akatutazama, akauliza kwa Kiingereza kama sisi ni askari. Hatukuelewa. Kijana aliyesimama pale akatufasiria akicheka: kwa watu wengi wa Kampala Kiswahili ni lugha ya jeshi, na zamani ya Amin, ambaye mwaka 1973 alikifanya lugha ya taifa, waliokisema mara nyingi walikuwa na bunduki. Tulishangaa sana, sisi tunaosali kwa Kiswahili. Serikali ya Uganda ilikiweka katika katiba mwaka 2005 kuwa lugha ya pili ya kazi, na mwaka 2022 ikakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini muuza chapati hakuwa amefundishwa. Tukala kwa haya kidogo, tukiongea polepole.

Kisha tukaingia soko la Owino “kwa dakika kumi”. Mmoja wetu alitaka jezi ya mpira. Mwingine akataka viatu. Wa tatu akanunua saa ya mkono, ambayo ilisimama mbele ya sisi kurudi Kasindi, na mpaka leo inaonyesha saa nne na dakika ishirini. Jezi ya kwanza ilikuwa ndogo, ya pili ilikuwa na tundu, tukarudi kwa yule wa kwanza, hayuko. Mwenzetu wa Boga alitufuata kati ya marundo ya nguo bila kununua kitu. Mara mbili alisema, “Jamani, saa inaenda.” Mara ya pili mmoja wetu (haina lazima kusema ni nani, yeye mwenyewe anaandika hapa pamoja na wengine) alimjibu hivi: “Wee ndugu, Namirembe haitahama. Mwaka kesho utaiona.”

Tulipotoka sokoni ilikuwa saa tisa na nusu.

Namirembe ni kilima, na jina lake linatoka katika neno mirembe, ni kusema amani. Tulipanda kwa miguu kwa sababu feza ya boda-boda ilikuwa imekwisha katika jezi. Jasho lilitutoka. Juu pale liko kanisa kubwa la matofali mekundu, na paa lake katikati linapanda kama chungu kilichofunikwa. Kanisa la matofali lililotangulia lilipigwa na radi likaungua mwaka 1910. Hili la sasa lilimalizwa mwaka 1919. Tuliliona mlangoni tu, maana ilikuwa jumamosi na ndani kulikuwa na harusi, na mama mmoja aliyevaa gomesi ya rangi ya machungwa alitutazama sisi na jezi zetu na vumbi letu kwa namna ambayo haikuhitaji kufasiriwa. Kupitia mlango tuliona maua na migongo ya watu. Tulisikia kinanda. Ndiyo yote tuliyoona ya ndani ya kanisa la Namirembe, na tunaomba mwalimu wetu wa muziki asituulize zaidi.

Basi tukaenda makaburini. Mzee mmoja alikuwa anafagia majani. Tulimsalimu kwa Kiingereza, akatujibu kwa Kiswahili! Alikuwa amefanya kazi ujanani katika kiwanda cha nguo kule Jinja pamoja na Wakenya. “Karibuni vijana, karibuni. Mimi hii Kiswahili napenda, lakini hapa hakuna mtu wa kusema naye.” Akaweka fagio chini, akatuongoza.

Pale amelala Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwezi wa kumi mwaka 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na mifupa yake ikaletwa hapa mwaka 1892. Amelala Daktari Albert Cook, aliyeanza hospitali ya Mengo mwaka 1897 na kufa mwaka 1951. Ile hospitali iko palepale chini ya kilima, na watu wanatibiwa mpaka leo. Na amelala Alexander Mackay, fundi kutoka Scotland. Alifika Buganda mwaka 1878, akachapisha karatasi za kufundisha watu kusoma, akafa mwaka 1890 kusini ya ziwa. Mzee alipiga jiwe la Mackay polepole kwa kiganja, kama mtu anayempiga rafiki begani, akasema: “Huyu alianza kufundisha watu kwa Kiswahili. Kiganda ilikuwa bado hakijaandikwa. Wasomaji wa kwanza hapa walisoma Kiswahili.” Tulitazamana. Tulifikiri juu ya dada wa chapati.

Kutoka pale unaona mji. Mzee alituonyesha kwa fagio: Rubaga kwa Wakatoliki, Mengo kwa Kabaka, Kampala ya zamani na msikiti wake mkubwa, mahali ambapo Lugard alijenga boma mwaka 1890. Katika mafundisho yetu ya dini tulisikia habari za wafia dini wa Uganda, Waprotestanti na Wakatoliki waliochomwa pamoja Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Hatukuwa tumesikia ya mwaka 1892. Mwezi wa kwanza mwaka ule, miaka sita tu nyuma ya Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki walipigana kwa bunduki katikati ya vilima hivi, na waliitwa Waingereza na Wafaransa, ijapokuwa walikuwa Waganda wote. Bunduki za Lugard zikasaidia upande wetu. Mzee alisimulia bila kuficha. Mmoja wetu akauliza, “Sasa kilima cha amani, njo vile?” Mzee akasema jina lilikuwako mbele yao.

Kisha sisi tukafanya jambo la kijinga. Tukaanza kutafuta kaburi la Apolo. Tulikuwa tumesikia habari yake yote Fort Portal, na pamoja na hayo tulienda kutoka jiwe mpaka jiwe tukisoma majina. Mwenzetu alisimama akatuacha tutafute kidogo. Alafu akasema, “Hamutamukuta hapa. Yuko kwetu. Niliwaambia.”

Mzee akageuka. “Kwenu wapi?”

“Boga.”

“Boga ya Apolo?” Mzee akavua kofia yake, si kwa kutania. “Sisi tulimutuma huko, hakurudi. Ni kweli alilazwa kichwa upande wa msitu?”

“Ni kweli,” akasema mwenzetu. Akaeleza kwamba desturi ingemtaka Apolo aelekezwe nyumbani, Buganda, lakini yeye aliagiza mbele ya kufa kwamba kichwa chake kielekee magharibi, kwenye msitu wa Kongo, maana kazi haijaisha kule. Aliposema aliinua mkono kuonyesha magharibi ni wapi, juu ya mabati ya mji.

“Na kaburi munalitunza?”

Mwenzetu alikawia kujibu. Tulifikiri hakusikia. Kisha alisema: “Tulilitunza. Sasa sijui kama majani yanakatwa.”

Hapo akaketi juu ya ukingo wa njia, akatuambia sisi wote, mzee na sisi, habari ambayo katika miaka mitatu hatukuwa tumeisikia kinywani mwake. Tarehe 30 Mei mwaka 2021 ilikuwa jumapili. Ni siku ya kumkumbuka Apolo, na Boga ilikuwa imesali na kuimba. Usiku ule, kuamkia jumatatu, waasi waliingia Boga na Tchabi. Watu zaidi ya 50 waliuawa. Yeye alikimbia na mama na wadogo, na katika giza wakaachana: wao wakavuka kwenda Uganda, yeye akafuata watu wengine, na nyuma ya majuma mengi akafika kwa mjomba wake Butembo, ambaye alimwingiza katika shule yetu.

Alimaliza akasema: “Mimi sitarudia Butembo.”

Tulidhani anasema juu ya jumatatu. Tukamwambia, sawa, kaa hata majuma matatu, masomo yanaanza mwezi wa tisa. Akatikisa kichwa. Mama yake anagonjwa, hawezi kulima peke yake kile kipande cha udongo walichopewa kambini, na yeye ndiye mkubwa. Mjomba hana tena feza ya masomo. Waliamua tangu Paska.

Ndugu wasomaji, tutaandika kweli, hata kama si heshima kwetu. Hatukulia. Tulikasirika. Mtunza hazina wetu, yule anayeshika feza ya kalasi, alisimama akasema kwa nguvu, katikati ya makaburi: “Kwa nini haukusema? Tungechanga!”

“Munachanga kila mwaka,” mwenzetu akajibu. “Mulichanga kwa karo, mulichanga kwa viatu. Mimi nahesabiaka. Ningesema Butembo, hamungeniacha.”

“Na leo asubuhi? Ungesema leo asubuhi, hatungeenda kupoteza saa mu masoko!”

Akacheka kidogo. “Mulikuwa na furaha na ile jezi.”

Mmoja wetu bado alikuwa ameivaa. Aliivua pale pale, akabaki na singlendi, akamtupia. Mwenzetu akaikataa. Wakasukumana nayo kama watoto, mpaka mzee akasema tusifanye hivyo juu ya Askofu. Tukaona kweli tulikuwa tumekanyaga ukingo wa kaburi la Hannington.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Mzee alituombea, kwa Kiswahili, maombi mafupi sana, akataja Boga na Kyangwali na “hawa wengine”. Kisha akachukua fagio lake. Hatukumpa kitu kwa sababu hatukuwa na kitu, na hilo linatusumbua.

Tulishuka kilima tukikimbia. Gari ya Hoima ilikuwa inajaa. Kule mambo hayangoji hotuba. Konda alichukua mfuko wake, akamsukuma ndani, na yeye akapata kiti cha katikati kati ya mama wawili wanene, si cha dirisha. Tulitaka kumwambia maneno mazuri. Katika kalasi tunasifiwa kwa kuandika barua za kuagana. Yaliyotutoka ni “fika muzuri”, na “salimia mama”, na mmoja akapiga kelele, “Usisahau Pitagora!”, jambo ambalo hata yeye hawezi kueleza sababu yake. Jezi tulikuwa tumeiingiza kwa siri katika mfuko wake. Gari ikaondoka.

Tulifika kwa Mama Shangazi saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Alikuwa amesimama juu ya mabalo, mikono kiunoni. Alituhesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne. Tulingoja atugombeze. Alisema tu, “Amekwenda?” Kumbe yeye alijua tangu Butembo. Ndiye aliyelipa tiketi ya mpaka Hoima, na alikuwa amempa vitenge viwili kwa ajili ya mama yake. Tukapakia mizigo bila neno. Bisi ya usiku iliondoka saa moja, na Fort Portal tuliipita tukilala.

Kiti cha nyuma karibu na dirisha kimekaa wazi majuma mawili, kisha Bwana Prefe akaweka pale mwanafunzi mpya kutoka Oicha. Ni mtu mwema, lakini bado hatujamzoea.

Mwezi wa kumi tulipata ujumbe kupitia simu ya mjomba. Mwenzetu amepata shule kule, lakini masomo ni kwa Kiingereza, na kwao mwaka unaanza mwezi wa pili. Wamemrudisha kalasi mbili nyuma. Anakaa na watoto wa miaka kumi na minne, anawapita wote kwa urefu. Hesabu anaziweza, ila hajui majina yake kwa Kiingereza. Mama yake anaendelea vizuri kidogo. Jezi inamtosha. Anaomba daftari yake ya hesabu ya mwaka wa nne, ambayo iko kwa mtunza hazina, na anaomba nakala moja ya gazeti hili likitoka. Mama Shangazi anaondoka tena jumanne, kwa hiyo tunaomba wenye kuchapisha wasichelewe.